Saa Mbili ya Hombolo

Kwao ni saa nane mchana, kwetu saa mbili asubuhi
na umande haujakauka kwenye zabibu.
Ni Jumapili, lakini lori la mnunuzi halijui Jumapili.
Nimeegemeza simu kwenye kreti tupu.
Kioo kimepasuka pembe hadi pembe,
kwa hiyo uwanja wa Wajapani una ufa,
na mdogo wangu Nyemo amesimama kushoto kwa ufa,
golini, na glavu za rangi ya ndimu.

Mama haachi kazi. Mkasi wake unakata kikonyo,
unakata kikonyo.
"Timu yenyewe inaitwaje tena?"
Hoshikawa, Mama.
"Ho, shikwa?"
Hoshikawa.
"Kawa," anasema, akibaki na kipande anachokijua,
kile cha ukili, cha kufunikia chakula cha aliyechelewa.
"Haya, timu ya Kawa. Wanamlisha nini huko?"

Mtangazaji anamiminika kama mvua kwenye bati.
Neno moja tu nalipata, jina la baba yetu,
naye kaligeuza ulimi: Chirongani.
Chirongani kapangua. Chirongani kaanzisha.
Marehemu angecheka mpaka akohoe.

Hakuna aliyemfundisha kudaka.
Tulikuwa tukiamia uwele, yeye juu ya dungu,
mimi chini na debe,
na kwelea walipokuja kama moshi ulioamua kuteremka
yeye hakutazama ndege.
Alitazama pale watakapotua.
Kiangazi, mto ukibaki mchanga mtupu,
alijirusha humo kutwa, kulia, kushoto, kulia,
akarudi na mchanga hadi ndani ya masikio
na mama akamchapa kwa ajili ya gauni,
lile moja.

Alituambia mwezi wa kwanza:
huku wachezaji huuinamia uwanja kabla ya kuingia,
wakitoka huuinamia tena.
"Hata sisi huinama," mama alisema,
"ila sisi tukiinama tunapalilia."
Kisha akanyamaza kidogo.
"Mwambie ainame vizuri."

Dakika ya themanini na moja, penalti.
Mpigaji mwembamba, namba kumi na saba,
anarudi nyuma hatua nne.
Mkasi wa mama umenyamaza.
Nyemo anatandaza mikono,
najua hatazami mpira.
Mpira unaondoka

na kiduara kinaanza kuzunguka kwenye kioo.
Bando limekata.

Nimekimbia hadi dukani kwa Chisunga.
Kafuli. Chisunga yuko kanisani, kwaya ya pili.
Nimerudi natembea.
Mama hakuuliza, aliona miguu yangu.

Basi mpira ule umeshinda hewani.
Ulikuwa hewani tulipopima kreti thelathini na mbili
na mnunuzi akaandika thelathini.
Ulikuwa hewani tulipobishana naye,
ulikuwa hewani alipoongeza moja kama sadaka.
Nilipoinua macho kuelekea bwawani
niliona korongo mmoja akipita,
nikajikuta nimekunja vidole.

Jioni ujumbe umeingia:
*Leo theluji imeanguka. Imenata kwenye kope.
Nimetamani mlenda.*

"Aliudaka?"
Hakusema, Mama.
"Basi usimuulize."

Amesonga ugali wa uwele, tumekula kimya,
kisha akapakua sahani ya tatu, mlenda pembeni,
akashusha kawa juu yake, kawa lake la zamani
lililofumuka ukingo.
"Kawia ufike," alisema,
na sikujua anaambiwa mtoto au mpira.

Asubuhi sahani ile nimewamwagia kuku,
kama kila Jumatatu.