Sifuri za Alhamisi

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo,
nafungua rejista ya Gredi ya Sita Kijani,
kurasa zimelainika kama noti ya hamsini,
nawaita mmoja mmoja kwa alfabeti
nao waitika, kila mtu na lake:
"Nipo." "Nipo, mwalimu." Barasa hupiga dawati.
Aliyepo, mshazari wa buluu.
Asiyekuwepo, sifuri nyekundu, tena iliyofungwa vizuri,
maana sifuri iliyoachwa wazi, asema Bwana Musembi,
ni mlango wa uongo.

Kanuni zimebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi:
siku moja, barua;
siku tatu, mzazi;
siku kumi katika muhula, kamati.
Hakuna palipoandikwa: kwanza uliza.

Nami nilikuwa mtu wa kanuni. Sikatai.
Nimepokea barua za kila namna,
za tumbo, za jino, za matanga ya nyanya
aliyekufa Januari, akafa tena Mei,
na mara ya pili sikumwombea.

Kemuma hakuleta barua yoyote.
Juni, nikijumlisha mahudhurio,
niliweka rula chini ya jina lake
nikaona sifuri zimepangika,
moja kila wiki, kama vifungo vya sweta.
Alhamisi. Alhamisi. Alhamisi.
Hata homa haina adabu ya namna hiyo.

Nikamwita mezani. Akatazama viatu.
"Alhamisi una nini?"
"Alhamisi ndiyo maji, mwalimu."
Alisema hivyo tu, kama mtu atajaye sikukuu.

Wanakaa Pipeline, ghorofa ya saba,
mtaa wenye jina la bomba na koo kavu.
Mfereji wa uani hutapika mara moja kwa wiki,
tangu alfajiri hadi uchoke wenyewe,
na mama saa hizo yuko zamu Eneo la Viwanda
akipanga biskuti kwenye katoni.
Ukikosa foleni, maji ni ya mkokoteni,
na mkokoteni hauna huruma.
Mitungi minane. Ngazi mia moja na kumi na mbili.
Nikamuuliza alizihesabu lini.
"Kila mara," akasema.
Mimi niliyemfundisha kuzidisha
nilipiga hesabu hiyo kimoyomoyo,
nikapata mia nane tisini na sita,
za kupanda tu.

Jioni nikalipeleka jambo ofisini.
Bwana Musembi si mtu mbaya. Alivua miwani,
akaisoma kanuni ya pili kwa sauti ya pole,
akasema mzazi aje.
Aje lini?
Akafungua shajara, akatembeza kidole,
akasema siku yake ya kuona wazazi
ni Alhamisi.

Basi mimi na Kemuma tuna mkataba usio na muhuri.
Anafika saa nne, wakati wa chai,
pindo la sketi limelowa, vidole vimekunjamana,
na masomo ya asubuhi yanamngoja kwenye daftari la Barasa,
mwandiko mbaya, moyo mzuri.
Nami katika kisanduku chake
siweki mshazari, kwani jina lilipoitwa hakuwepo;
siweki sifuri, kwani sijui kumwita mtoro
mtu aliyebeba lita mia moja na sitini
kabla mimi sijanywa chai.
Naweka nukta. Nukta tu, ya buluu.

Wiki jana Bwana Musembi alikagua rejista.
Alizifuata kwa ncha ya kalamu,
tatu, nne, tano.
"Na hizi, mwalimu, ni alama gani?"
Nilitazama mlango. Kanuni zote zilikuwa pale,
na hakuna hata moja yenye nukta.
"Kalamu," nikasema, "imeanza kuvuja."
Akaniangalia. Akageuza ukurasa, akaurudisha.
"Siku za Alhamisi tu?"

"Ndiyo," nikasema. "Alhamisi ndiyo maji."