Viganja Vinne

Twalib aliingia gereji Shimanzi na sanduku
amelikumbatia kama mtoto aliyelala.
Ndani, diski mbili pana zenye matundu,
na kalipa za pistoni sita,
nyekundu, rangi ya pilipili iliyoivia mtini.
"Nifungie hizi, Fundi Mwaka.
Nataka gari lisimame papo hapo,
kama mlango uliobamizwa."

Za zamani zina kosa gani?
"Zilichelewa. Pale Kibarani lori lilishika breki ghafla,
nikawa nasoma namba zake za nyuma,
tarakimu moja moja, kama mtu anayejifunza kusoma."

Nikachuchumaa. Nikapapasa tairi kwa kidole gumba:
laini, kichwa kilichotoka kwa kinyozi.
Mafuta ya breki meusi, kahawa tungu,
miaka minne yakinywa maji ya hewa ya Mombasa,
mji ambao hata chumvi
hulia ndani ya kikopo chake.

Sikiza, Twalib. Breki hushika gurudumu.
Gari hushikwa na lami.
Na baina yako na lami pana viganja vinne vya mpira,
kila kimoja kama hiki changu
(nikamwonyesha, kimejaa grisi),
na vyako vimeota upara.
Gurudumu lako breki hizi kuukuu zalifunga vizuri.
Ukilifunga lililofungwa, wapata nini?
Za sandukuni zamfaa ateremkaye Mazeras na shehena,
akanyage, akanyage tena, mpaka zinuke.
Wewe safari yako ni Nyali na kurudi.

Akacheka. "Kwani umefungua duka la tairi?"

Nilimfungia. Kodi ya gereji haisikilizi hoja.
Mafuta nikayabadilisha bila kumwambia, bila kumtoza.
Tairi alinunua mwezi uliofuata,
mkewe Zuhura alipomwambia maneno yangu yale yale;
kwake yalisikika.

Basi gari likawa linasimama. Sitasema uongo.
Chengo, kijana wangu, alipewa lifti siku moja
kwenda Makupa kutafuta beringi.
Alirudi kimya. Nikamuuliza.
"Yuwamfuata wa mbele kama pacha," akasema.
"Zamani alikuwa akiacha nafasi ng'ombe apite.
Leo hata paka itabidi ajikunje."

Nikaelewa.
Mita alizozinunua
alizitumia zote siku ya kwanza.

Ikaja mvua ya kwanza ya vuli,
ile inayoitoa lami jasho la mafuta.
Karibu na Buxton mkokoteni wa maji ukakata njia.
Gari la mbele likasimama. Twalib akakanyaga:
diski zikauma, tairi zikauma,
akasimama shibri moja, nakwambia shibri,
na roho yake ikawahi kusema alhamdulillahi
kabla ya pikapu ya mikate kumwingia kwa nyuma.

Dereva wake hakuwa amenunua sanduku lolote.

Likavutwa kwa kamba hadi kwangu,
buti limekunjwa kama sambusa,
kalipa mbele zingali zinang'aa.
"Nilisimama, Fundi."
Ulisimama.
"Mbona basi?"
Matone yakapiga mabati. Nikajifuta mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
"Kuna breki gani," akasema, "ya aliye nyuma yangu?"

Nilitaka kusema ipo, na haina pistoni.
Ukimwachia wa mbele nafasi, waanza kupunguza mapema,
polepole, taa zako zikawaka kitambo,
na wa nyuma akapata habari kabla ya msiba.
Nilianza kusema. Nikamwona anatazama kalipa,
jinsi mtu anavyomtazama shahidi
aliyesema kweli na kesi ikashindwa.

Nikanyamaza. Chengo alikuwa amejipinda butini
akichomoa vigae vya taa na maganda ya mikate.
Mkate mmoja ulitoka mzima, mkavu, ungali kwenye nailoni.
Akauinua juu kutuonyesha.
Nikamwambia abandike chai.