Marisau

Bunduki ya baba haipigi kelele.
Inakohoa tu, kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kuomba mkopo.
Aliye ng'ambo ya barabara atadhani
kuna mtu kafunika kopo la rangi.

Mtutu mwembamba, kidole cha mwisho hakipenyi.
Risasi fupi kama kifuniko cha kalamu,
na ndani yake marisau, madogo kuliko uwele.
Yakigonga bati hayatoboi,
yanamwagika chini kama mvua ya kwanza, ile ya kudanganya.
Kwa hiyo baba aliichagua
enzi zake za kulinda marobota ya jineri:
pamba ilikuwa ya chama, na paa pia lilikuwa la chama,
tundu moja lingekatwa kwenye mshahara.

Mimi nalinda mpunga.
Mashine yetu ipo Kayenze, nyuma ya mawe,
ziwa unalisikia mota ikizimwa.
Ikizimwa, panya buku wanaingia zamu.
Wanapita gunia kwa gunia kama wanunuzi wa kutoka mjini:
wanatoboa, wanaonja, wanaguna,
wanaondoka bila kulipa.

Nakaa juu ya pumba,
tochi nimeifunga mtutuni kwa mpira wa baiskeli.
Macho mawili yanawaka. Kho.
Yanazimika,
na mtoto wa jirani hageuki hata ubavu.
Nina daftari: Jumatatu saba. Jumanne wanne.
Jumatano mvua, sikuona kitu.

Kila mwaka napeleka kibali kituoni.
Askari anaigeuza, anacheka:
"Nyanjige, hii nayo ni bunduki?"
Namwambia kaulize panya.

Machi akaja bundi.
Alitua kwenye boriti, juu ya kinu,
uso kama sahani iliyosahauliwa mezani.
Nikashusha mtutu. Akashuka na yeye.
Hapakuwa na sauti ya bawa wala ya ukucha.
Panya alikuwepo, halafu hakuwepo.
Miaka kumi na moja najisifia ukimya,
kumbe ukimya wenyewe
sikuwa nimewahi kuusikia.

Kwenye daftari nikaandika: mimi watatu, yeye watano.

Wiki ya pili akaja Nkwabi, mwenye nyumba ya tofali mbichi.
Mwanawe alikuwa na homa siku ya nne.
"Unafuga bundi," akasema. "Mpige.
Hicho kibunduki chako hakilii,
hakuna atakayejua."
Kisha akanyamaza,
na macho yake yakatembea yenyewe, polepole,
hadi kwenye mlango wa Bibi Mbuke,
anayekuja kupepeta chenga uani kwetu,
mwenye macho mekundu
kwa miaka hamsini ya kupikia samadi kavu.

Hakuna atakayejua.

Nilivunja bunduki, nikatoa risasi,
nikamwekea kiganjani.
Nikamwekea na elfu kumi juu yake.
"Hii ni ya panya," nikasema.
"Hii ni ya bodaboda. Zahanati wanapima damu mpaka saa kumi na mbili."
Alibaki ameshika vyote viwili,
hajui kipi kizito.
Risasi alinirudishia. Hela alikwenda nayo.

Usiku ule sikulinda mpunga.
Nilikaa kizingitini kwa Bibi Mbuke,
bunduki mapajani, tupu.
Ndani bibi alikuwa anakoroma kama mashine mbovu.
Viatu vilipita njiani, jozi mbili, labda tatu,
vikapunguza mwendo.

Nikakohoa.
Sikukohoa kama bunduki ya baba. Nilikohoa kwa kifua chote,
mbwa wakabweka hadi mwaloni,
mtoto wa jirani akaamka akalia,
taa zikawashwa nyumba nne.
Viatu vikakumbuka njia nyingine.

Asubuhi nikakuta gunia moja na nusu limeliwa.
Alhamisi, nikaandika: mimi sifuri.
Yeye sijui. Sikumsikia.