Athari Moja

Usiku wa kumi na nne, Birkat al-Mauz.
Nimeichimbia kamera miguu yake mitatu kwenye changarawe,
juu ya mtaa wa udongo uliohamwa na wenyewe,
mapaa yameanguka, milango imebaki na vitasa,
nami nimekalia debe,
nahesabu.

Kamera ni mbili. Ya dijitali nimeazimwa na Thuraya
kwa sharti isiingie mchanga.
Hiyo imetaka dakika nane tu, na imemaliza.
Skrini yanionyesha mchana:
anga buluu, mitende kijani,
kuta rangi ya mkate wa tanuri;
nyota tu ndizo zinazoisuta.
Si uongo. Ila ni ukweli wa mtu
anayekujibu hujamaliza kuuliza.

Ya filamu ni ya marehemu shangazi Zamzam,
iliyopiga picha za paspoti za nusu ya Wete
kabla hajafunga studio akaja huku kulea wajukuu.
Hii naipa nusu saa.
Filamu, alikuwa akisema, mchana hula kwa pupa,
usiku hutafuna kama kibogoyo:
ukidhani imeshiba, ndiyo kwanza imemeza tonge.

Nimebana waya. Ta.
Jicho limefumbuka, na kuanzia hapo
hata kupiga chafya naogopa.

Ndipo tochi ya simu ikatokea bondeni,
ikapanda, ikaingia ndani ya picha yangu.
Nikataka kupiga kelele. Nikaona jembe.
Rofiqul, mtu wa Silhet, mwaka wa tisa
kwenye mitende ya watu,
buti za mpira, shuka kiunoni.
Akainama kwenye falaji, akaondoa jiwe na tambara,
maji yakageuka njia
kwa sauti ya mtu anayenyanyuka kitini.

"Mwezi uko kule," akaniambia kwa Kiarabu cha kuokoteza.
"Wewe unapiga nini huku?"
Nikamwambia nangoja nusu saa.
"Na mimi. Maji ya bosi ni athari moja."

Athari: ndivyo huku wanavyopima maji ya zamu,
nusu saa kwa nusu saa, zamani kwa nyota.
Nikacheka peke yangu. Kwetu athari
ni kile kinachobaki mwenyewe akishaondoka.

Hakutulia. Shina hadi shina,
akienda, akirudi, akiwasha, akizima,
akikatiza mbele ya lenzi kama sioni.
Muda ulipofika akaziba, nami nikafunga,
karibu pamoja. Akaninawia mkono, akashuka.

Filamu nimeisafisha bafuni, Al Khuwair,
taulo chini ya mlango, dawa kwenye chupa ya siki.
Kuta zipo, mpaka nyufa.
Nyota zimekwaruza anga kama paka aliyefungiwa kabatini.
Falaji ni utepe wa maziwa.
Rofiqul hayupo.
Si buti, si jembe, si kivuli;
filamu imemtema.
Kuna uzi wa tochi tu, unatangatanga
kati ya mitende, umejikunja, umekatika,
umeanza tena, kama mwandiko wa daktari,
na kila ulipogusa
pana shina lililokunywa.

Nimemchapia nakala. Namba yake sikuichukua.
Nyuma nimeandika tarehe
na muda: athari moja.