Humusi ya Sekunde

Tajiri alisema Kidawa alisinzia kwenye kitufe.
Nondo tani mbili zilishuka shubiri nzima
baada ya yeye kuachia,
zikaparuza kofia ngumu ya Lugome. Kofia hiyo hapo mezani,
imebonyea. Lugome yuko nje, anavuta sigara ya nne.

Nikachana mfuko wa saruji, nikaazima kalamu.

Volti mia mbili thelathini kutoka ukutani,
kilele mia tatu ishirini na tano.
Diodi nne zimekaa darajani kama makarani wa forodha:
anayekwenda, anayerudi,
wote hutokea mlango mmoja.
Wastani: kilele mara mbili, gawa kwa pai.
Mia mbili na saba.

"Na koili ya breki," tajiri akauliza, "inakula ngapi?"

Koili haili, bosi.
Mlaji ni ukinzani wa waya wake, omu mia na kumi na tano:
ampea moja nukta nane, joto tupu.
Koili yenyewe hukopa mkondo ukipanda, hulipa ukishuka;
funga hesabu ya mzunguko, salio sifuri.
Ningepata mdaiwa wa hivyo hapa Chang'ombe
ningekuwa nimeezeka nyumba.

Ila haijui kuachana ghafla.
Kitufe kimeachiwa, volti imekufa,
na mkondo ungali unazunguka mlemle darajani.
Mama yangu alipakua sahani mbili
mwaka mzima baada ya arobaini ya baba.

Henri ishirini na tatu, gawa kwa omu zile:
humusi ya sekunde.
Ikipita hiyo, mkondo bado umebaki thuluthi na ushei,
sumaku bado inavivuta viatu vya breki mbali na ngoma,
na nondo hazingoji mtu amalize kugawa.

Katia hapa, nikamwonyesha, baada ya daraja, si kabla.
Uupe mkondo njia yenye ukinzani mkali, umalizie hasira humo.
Shubiri itakuwa kidole.

Tajiri akageuza karatasi,
akasoma upande wa pili: *Kilo hamsini. Hifadhi pakavu.*

Kidawa hakuuliza kitu.
Aliweka dole gumba mezani, akabonyeza, akaachia,
akangoja.
Akabonyeza tena. Akaachia.

"Ndiyo," akasema. "Ndio huohuo.
Nilikuwa nausikia."