Mkono wa Kulia

Walikuita mkono wa kulia.
Sasa huli, hulii.
Umelala mapajani mwangu kama mgebuka wa juzi,
na mimi nakuosha, nakukata kucha,
mpangaji usiyelipa kodi.

Ilikuwa Jumanne, kabla ya jua,
nachemsha mawese nyuma ya nyumba, Katubuka.
Kata ikaanguka. Nikainama kuiokota,
wewe ukabaki unaning'inia.
Nikataka kumwambia binti yangu "njoo".
Kikatoka "sabuni".
Sabuni, Redempta. Sabuni, sabuni,
na mdomo umevutwa upande
kama mlango wenye bawaba moja.

Shemeji akasema nimerushiwa kitu,
akataja mganga, akataja na bei.
Redempta hakubishana. Aliita pikipiki,
akanifunga kwa kanga mgongoni mwa dereva,
yeye akakaa nyuma yangu kunishikilia.
Kiharusi, akasema daktari.
Presha ulipima lini, mama?
Nikamjibu: sabuni.

Jumatatu na Alhamisi anakuja Ezroni,
mtaalamu wa viungo, kijana ambaye ndevu zake
hazijaamua kama zinabaki.
Amechimbia uani nguzo za mkaratusi,
juu yake fito mbili sambamba, nipite katikati.
Hatua nne kwenda.
Kupumzika. Matusi
(matusi yalirudi mapema kuliko majina ya wanangu).
Hatua nne kurudi.
"Njia ya zamani imekatika," ananiambia,
"maji yamebeba daraja.
Tutapita mashambani mwa watu."
Basi kila siku napita mashambani mwa watu,
naomba radhi kwa kila tuta.

Akamwaga dagaa wakavu kwenye sinia.
Wahamishe, mama, mmoja mmoja, kwa huo huo.
Mimi! Niliyepima dagaa kwa debe pale Kibirizi,
niliyewatukana wapunjaji kwa majina ya baba zao.
Wiki ya kwanza hakuhama hata mmoja.
Paka alihamisha watatu.
Wiki ya tano ulimshika mmoja mkiani,
ukatetemeka naye kama mwizi mgeni wa kazi,
ukamwangusha upande wa pili.
Ezroni aliandika kwenye daftari: 1.
Nimeuza mapipa ya mawese maisha yangu yote,
sijawahi kuona hesabu nzito kama ile.

Wazee wanakuita pia mkono wa kiume.
Sawa. Wa kiume amelala,
wa kike anachota, anafua, anafunga, anafungua,
anamgeuza na mwenzake asipate vidonda.
Nyumba za namna hiyo nazijua nyingi.

Usiku mmoja nilikuuma.
Kwa meno, gizani, Redempta asinione.
Nikasikia kitu mbali sana,
kama mtu anayepiga hodi
nyumba ya tatu kutoka kwangu.
Nikalala nikiwa nimekukumbatia.

Nilichokwepa si kutembea. Nilikwepa salamu.
Kwetu Uha mtu haamkiwi kwa mdomo tu:
unainama, unapiga makofi taratibu,
na mkono mmoja, ukiupiga hewani, unafukuza nzi.
Kwa hiyo wageni wakija nilikuwa "nimelala".

Jana shangazi wa marehemu mume wangu
kafika kutoka Heru Juu bila kutuma habari.
Kanikuta katikati ya fito, hatua ya tatu,
hakuna pa kujificha.
Mwakeye, akasema, ameshainama,
viganja vyake vikavu vinagongana polepole.

Nikaegemea fito kwa kiuno.
Wa kushoto ukapanda.
Na wewe, mvivu wewe,
ukatoka pajani, ukachelewa,
ukafika kitovuni ukaishia hapo
umefumba vidole.
Wa kushoto ikabidi ushuke kukupokea.

Hakukusikika mlio wowote.
Bibi alisubiri, kichwa chini,
akiendelea kupiga makofi yake madogo
mpaka tulipomaliza, sisi wawili.
Kisha akaketi, akavua viatu,
akauliza mawese siku hizi ni bei gani.
Nikamtajia bei.
Akasema ni ghali.