Kelele Tulizozifuta

Elia kaja kutoka Bologna kwa treni ya asubuhi,
santuri kaibana kwapani kama mkate wa moto.
"Bibi Nazzarena, imetoka juzi. Nakala mia tatu tu,
na mia mbili zimekwenda Japani."
Jalada la rangi ya waridi, mitende miwili,
gari jekundu lisilo na paa.
Sisi hapa Castelfidardo tulikuwa na kilima, ukungu,
na baiskeli ya Ivo iliyokosa breki.

Sindano ikagusa. Krr, krr, krr.
Nikainuka na kitambaa cha miwani nipanguse vumbi.
Akanishika mkono, anacheka:
"Si vumbi, Bibi. Nimeitia mwenyewe, kwa kompyuta."

Nikaketi.
Kijana wa miaka ishirini na minne
ameigharamia kelele.
Sisi, wanawake kumi na wanane wa meza ya tatu,
tuliiwinda kelele hiyo kama chawa kwenye nywele za mtoto,
kinanda baada ya kinanda, sikio juu ya spika,
risasi inayeyuka, moshi wake puani,
na msimamizi nyuma yetu akiuliza: bado? bado?
Derna aliondoka na kikohozi kile. Hakurudi.

Baba zetu walitengeneza kodiani,
mapafu ya ngozi na karatasi ngumu.
Sisi tukatengeneza vinanda vya umeme, visivyopumua.
Tukavipumulia sisi.

Halafu

ngoma nne zikashuka, sawasawa kama saa,
besi nayo ikaruka, ukutani ikajaa,
sahani zikashituka, kabatini zilokaa,
goti lililoteguka likasahau balaa.

Na katikati ya besi nikaisikia:
noti moja ya chini, inayozama kidogo
kama kidato cha ngazi kilichooza.
Naijua. Mwaka wa themanini na nne
bosi alinunua vipuri vya bei ya kutupa kwa shemeji yake,
na vinanda mia sita vikatoka na kilema hicho.
Tulikiona. Tukaambiwa tufunge mifuniko.

"Hilo," anasema Elia, macho kayafumba,
"hilo ndilo joto lenyewe.
Watu wanazisaka mashine hizi hadi Finlandi."

Joto!
Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.
Wajukuu wameugeuza msemo: cha kale ndicho kinyemi,
na kidonda ndicho wanachokinunua.

Nilitaka kumcheka. Lakini nikamtazama,
kidole kinapiga paja, shingo imelegea,
usoni huzuni ya mtu aliyetoka mazishini.
Mtu hulilia alichopoteza.
Huyu analilia nilichopoteza mimi:
Jumamosi, basi la kwenda Senigallia,
nywele zimepuliziwa dawa hadi zinakwaruza,
Derna na mabega yake ya sponji,
na ndani ya disko, chini ya taa ya zambarau,
kinanda kinalia na mimi nampigia ukelele sikioni:
ni chetu kile! ni cha meza ya tatu!
Hakunisikia. Alicheka tu, akazunguka.

"Unaionaje, Bibi?"

Nikamwambia ageuze upande wa pili.
Nikamwambia pia afungue dirisha.
Ng'ambo ya kichochoro anakaa mjane wa bosi,
na mapazia yake ya hariri, na paka wake mnene.
Tunamdai mishahara ya miezi mitatu
tangu kiwanda kilipofungwa usiku, bila hata barua.
"Ongeza sauti," nikasema. "Zaidi.
Noti ile ikija, nataka aisikie."